Swali Si Kama Wanaweza Kuzaana

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi wao, Mombasa

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliotoka Kisauni, Likoni, Changamwe na hapa Mji wa Kale, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya spishi mpya: hutokeaje, na zikishatokea, ni kitu gani kinazizuia zisirudi kuchanganyika. Vitabu vingi hulianza somo hili katika visiwa vya Galapagos. Mimi nitalianza Rabai. Ukipanda matatu ya Mariakani ukashuka Mazeras, umebakisha kipande kidogo tu. Rabai mnaijua kwa kaya zake, yaani ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na kwa Krapf aliyefungua misheni pale mwaka 1846. Lakini kwa wanaochunguza wadudu, Rabai ni maarufu kwa mbu.

Sikuja kubishana na imani ya mtu yeyote. Mengi nitakayoyasema yanaonekana kwa macho, mengine kwa hadubini, na mengine mnayakanyaga maji yakipwa.

Kabla ya mbu, tuseme neno moja juu ya maana tunayowakaririsha watoto darasani. Tunawaambia spishi ni kundi la viumbe wanaoweza kujamiiana wakapata wazao wenye uwezo wa kuzaa. Maana hiyo imetokana na Ernst Mayr, ambaye mwaka 1942 aliandika juu ya makundi ya viumbe wanaozaana, au wanaoweza kuzaana, katika mazingira yao ya asili, na ambao wametengwa kiuzazi na makundi mengine. Baadaye Mayr mwenyewe alilitoa lile "wanaoweza". Alifanya vyema sana kulitoa, na ninasikitika kwamba sisi walimu tumelishikilia. Ukiwafungia simba na simbamarara katika kizimba kimoja watazaana, na watoto wao wameonekana katika bustani nyingi za wanyama. Hilo linatuambia nini juu ya simba walio porini? Karibu hakuna. Swali la kumuuliza kiumbe si kama anaweza kuzaana na mwenzake. Muulize kama huzaana naye akiwa huru, usiku wake, mahali pake, akiwa na nafasi ya kuchagua. Nitalirudia swali hili mpaka mlichoke.

Haya, twende Rabai.

Mbu ninayemzungumzia ni Aedes aegypti, yule mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, chikungunya na homa ya manjano. Miaka ya 1970 watafiti waliokuwa Rabai waliona kwamba mbu huyu yuko namna mbili. Wa kwanza, mwenye rangi ya hudhurungi hafifu, aliishi majumbani na kutaga mayai katika mitungi ya udongo ya maji ya kunywa. Wa pili, mweusi zaidi, aliishi msituni, akitaga katika matundu ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Baina ya nyumba na msitu palikuwa na mamia ya mita tu. Mbu anaruka umbali huo bila shida. Hapakuwa na mto, mlima wala bahari kati yao, na bado walibaki makundi mawili.

Kilichowatenga kilikuja kueleweka vizuri mwaka 2014, katika utafiti ulioongozwa na Carolyn McBride huko Marekani kwa kutumia mbu waliotokana na Rabai hii hii. Mbu jike waliwekwa katika sanduku lenye mirija miwili ya hewa. Upande mmoja hewa ilipita juu ya mkono wa mtu, upande wa pili ilipita juu ya mnyama mdogo wa maabara wa jamii ya panya. Mbu wa nyumbani wakafuata harufu ya mtu. Mbu wa msituni wakaelekea kwa mnyama. Kisha watafiti wakawazalisha pamoja, wakapata wajukuu waliochanganyika kila namna, wakawatenga wale waliompenda mtu na wale waliompenda mnyama, na wakatazama tofauti zilizomo katika vipapasio vyao. Jeni moja ikajitokeza kwa nguvu, iitwayo Or4. Hiyo hutengeneza kinasa harufu kinachoitambua kemikali ya salkatoni, ambayo mwili wa binadamu huitoa kwa wingi kuliko wanyama waliopimwa. Kinasa cha mbu wa nyumbani ni kikali zaidi, na kipo kwa wingi zaidi.

Mtu atauliza: kupenda damu ya nani kunahusiana vipi na kuoana? Kunahusiana sana, kwa sababu dume wa mbu huyu hana haja ya damu, ila huja kuzunguka pale alipo mwenye damu, akijua jike atafika. Anayemfuata mtu atakutana na dume anayezunguka mtu. Anayemfuata panya wa msituni atakutana na dume wa huko. Basi chaguo moja la pua linaamua mambo matatu kwa mpigo: utakula wapi, utaoana na nani, utataga wapi. Hakuna aliyewakataza kukutana. Kila mmoja anakwenda zake, na njia zao hazipishani mara kwa mara.

Sasa mwanafunzi hodari atasema: lakini mwalimu, umesema maabara walizalishwa pamoja, na watoto wao wakazaa! Ni kweli. Kwa sababu hiyo bado wanaitwa spishi moja, na sipingi. Ila tazameni walichokuwa wameanza. Kizimbani walichanganyika bila kusita, nje walikaa mbalimbali. Hivi ndivyo spishi mpya inavyoonekana ikiwa changa, na kuiona katika hali hiyo ni bahati, kwa sababu mara nyingi tunafika baada ya kazi kwisha. Na kwetu hapa mjini hilo si suala la vitabu tu. Dengi ilipozuka Mombasa mwaka 2013, ilienea kwa sababu ya mbu mwenye tabia hii ya kumfuata binadamu na kuzaliana katika maji anayoyaweka. Mji ambao mifereji yake hukauka na kila nyumba ina mapipa na madumu ya akiba ni mji unaomlea. Funikeni mapipa, tafadhali.

Njia ya Rabai ni ya kutengana mkiwa mahali pamoja. Njia ya pili, iliyozoeleka zaidi, ni ya kutenganishwa na kitu, na mfano wake uko baharini upande wetu wa kusini. Unguja na Pemba mnavijua wote, wengi mna ndugu huko. Lakini visiwa hivyo viwili havina historia moja. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imeyafunga maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Wanyama walivuka kwa miguu. Pemba ni hadithi nyingine. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, na hata barafu ilipokithiri maji hayakuisha pale. Pemba ilibaki kisiwa.

Matokeo yake mtayaona mkifika. Kuna spishi nne za ndege ambazo hazipatikani popote duniani ila Pemba: ninga wa kijani, bundi mdogo, chozi, na kindege mwenye duara jeupe machoni. Kuna popo mkubwa wa matunda, Pteropus voeltzkowi, ambaye jamii yake haipo kabisa katika bara la Afrika. Ndugu zake wako Madagaska, Komoro, na mbali zaidi mashariki hadi Asia. Mababu wa viumbe hawa walifika wachache, wakipeperushwa au wakipotea njia, wakazaana wao kwa wao vizazi na vizazi. Mabadiliko madogo ya jeni yaliyotokea Pemba yalibaki Pemba. Ya bara yalibaki bara.

Hapa pana jambo ambalo huwatatiza wengi, na mimi naliona kuwa ndilo tamu kuliko yote. Bahari inawatenga, sawa. Lakini siku ndugu hao wakikutana tena, kwa nini wasizaane kama kawaida? Jibu lilipatikana miaka ya 1930 na 1940 kupitia kwa Theodosius Dobzhansky na Hermann Muller. Chukua kundi moja, ligawe mara mbili. Upande huu jeni moja inabadilika, na inafanya kazi vizuri na jeni nyingine zote za upande huu. Upande ule inabadilika jeni tofauti, nayo inaelewana na wenzake wa upande ule. Kila badiliko limejaribiwa nyumbani kwake likafaulu. Lakini mabadiliko haya mawili hayajawahi hata siku moja kufanya kazi ndani ya mwili mmoja. Yakikutana ndani ya chotara, huenda yakagongana. Pengine mtoto hazaliwi, pengine anazaliwa dhaifu, pengine anazaliwa na afya njema lakini tasa. Hakuna aliyeharibika njiani, na hakuna kilichokusudia kuweka kizuizi. Kizuizi kimejitengeneza chenyewe, kama matokeo ya pembeni ya watu wawili kuishi mbali.

Mfano wa wazi tunalala nao chini ya paa moja. Kwa miaka mingi mbu wa malaria Anopheles gambiae alihesabiwa kuwa mbu mmoja Afrika nzima. Ukimtazama kwa hadubini humtofautishi. Miaka ya 1960 watafiti, akiwemo Hugh Paterson wa Afrika Kusini, waliwazalisha pamoja mbu waliotoka sehemu mbalimbali. Mabinti chotara wakawa na uwezo wa kuzaa. Wana wa kiume wakawa tasa. Ikabainika kwamba mbu mmoja alikuwa kwa kweli spishi kadhaa zenye sura moja. Yuko gambiae mwenyewe, anayependa damu ya mtu na kuuma ndani ya nyumba usiku. Yuko arabiensis, anayeuma pia ng'ombe na mara nyingi huuma na kupumzika nje. Na yuko merus, wa pwani hasa, ambaye viluwiluwi vyake hukua katika maji yenye chumvi, ambayo wenzake wengi hawayawezi.

Kwa nini utasa ukawapata wanaume peke yao? Mwaka 1922 J. B. S. Haldane aligundua kanuni ambayo imeshikilia mpaka leo kwa wanyama wengi mno: chotara wa jinsia moja wakikosekana au wakiwa tasa, huwa ni ile jinsia yenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana. Kwa mbu hawa, kama kwetu, ni dume, mwenye X na Y. Kwa ndege na vipepeo ni jike, na kweli kwao jike ndiye anayeathirika kwanza. Nyumbu wa punda na farasi amekwenda mbali zaidi. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, nyumbu anabaki na 63 zisizopangika sawasawa, na karibu wote, dume kwa jike, hawazai.

Lakini rudini kwenye swali langu. Porini, chotara wa gambiae na arabiensis ni nadra sana, ingawa mara nyingi wanaishi kijiji kimoja. Maana yake hata hawafiki mahali pa kuujaribu ule utasa. Magharibi inapoingia, madume hukusanyika hewani katika makundi, jike huingia na kutoka na mmoja, na wengi mno hutoka na wa spishi yao. Ndivyo uteuzi asilia unavyofanya kazi pale uchotara unapokuwa hasara. Jike anayekosea akazaa na dume wa spishi nyingine, wanawe wa kiume hawatampa mjukuu. Anayechagua vizuri, wanawe wote wanaendelea. Baada ya vizazi vingi wanabaki wale wenye kuchagua. Utasa unakuja bila kukusudiwa, kisha uchaguzi unaongezwa nguvu kwa sababu yake.

Wazazi waliokuja na watoto wao, hili linawahusu moja kwa moja. Chandarua chenye dawa humpiga zaidi anayeuma ndani usiku, yaani gambiae. Katika pwani yetu, kadiri vyandarua vilivyoenea, sehemu ya gambiae imepungua na ya arabiensis imepanda. Mtu anaweza kudhani mbu wamebadilisha tabia, kumbe mara nyingi ni spishi nyingine iliyokuwepo muda wote, ambayo chandarua hakiifikii saa moja za jioni barazani. Msiache chandarua. Lakini anayepanga vita hivi bila kujua anapigana na spishi ngapi, anapoteza dawa na fedha.

Sasa twende majini, na hapa naomba wavuvi mlioko nyuma mnisikilize, kwa sababu mnalijua nusu ya jambo hili kunishinda. Mnawajua wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, wanaowachoma watu miguu kwenye mwamba wa Nyali na Bamburi. Wanafanana, lakini wako wawili. Mmoja, Diadema setosum, ana duara la rangi ya chungwa juu kabisa katikati, na madoa matano meupe. Mwingine, Diadema savignyi, hana duara hilo. Ana michirizi ya buluu inayong'aa. Wanakaa mwamba mmoja, wakati mwingine shimo moja. Wala hawajamiiani kama wanyama wa nchi kavu: dume humwaga mbegu majini, jike humwaga mayai, na bahari inavichanganya. Kwa utaratibu huo mtu angetarajia mchanganyiko mtupu.

Mwanasayansi wetu wa bahari, Nyawira Muthiga, aliwachunguza katika miamba ya Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Wote wawili wanafuata mwezi. Setosum anamwaga siku ya 8 hadi ya 10 ya mwezi mwandamo, wakati wa maji mafu. Savignyi anasubiri mwezi mpevu upite, anamwaga siku ya 17 na ya 18, bamvua bado ina nguvu. Ni kama makuli wawili wa Kilindini wenye zamu mbili tofauti: wanalipwa na tajiri mmoja, wanabeba mizigo ya gati moja, na wanaweza kumaliza mwaka bila kuonana. Mbegu za mmoja zikishakufa majini, mayai ya mwingine hayajatoka. Uzio huu una kasoro zake. Chotara wa spishi hizi wamewahi kupatikana. Lakini ni wachache, na spishi zimebaki mbili.

Tafakarini kinachoshikilia mpaka huo. Si umbo, wala mahali, wala chakula. Ni wiki moja na ushei kati ya tarehe mbili za mwezi.

Mipaka ya namna hii inaweza kuvunjika, na tumeshuhudia ikivunjika katika Ziwa Viktoria. Ziwa lile lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena, na ndani ya muda huo mfupi zikatokea spishi takriban 500 za samaki wadogo tunaowaita furu. Kasi hiyo haina mfano mwingi duniani. Wawili kati yao ni ndugu wa karibu: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa rangi ya buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume wake ni mwekundu. Wa buluu huishi juu karibu na uso wa maji, mwekundu chini zaidi ambako mwanga unaofika umeelemea wekundu, na macho ya kila mmoja yamejirekebisha kwa mwanga wa mahali pake. Jike humchagua dume kwa rangi. Oliver Seehausen na wenzake waliwaweka majike katika mwanga wa rangi ya chungwa peke yake, ambao unafuta tofauti ya buluu na nyekundu. Majike wakashindwa kuchagua, wakawakubali wote. Chotara wao wana afya na wanazaa.

Mwaka 1997 timu hiyo ilionyesha kwamba kilichofanywa na taa ya maabara kilikuwa kinafanywa na sisi ziwani. Udongo wa mashamba yaliyokatwa miti na uchafu wenye rutuba viliyageuza maji kuwa tope la kijani. Pale maji yalipokuwa bado safi, spishi mbili zilikuwa mbili. Pale yalipochafuka, rangi zilififia na samaki wakawa wa katikati, si huyu si yule. Tumezoea kusikia spishi zikiisha kwa kuvuliwa au kuliwa na sangara. Hizi ziliisha bila samaki yeyote kufa: walipoteza tu nuru ya kuonana.

Mimi ni mtu wa pwani, na kila nikisoma habari za furu nawaza wale wawili wa Nyali wanaohesabu mwezi. Katika bahari mbalimbali duniani imeshaonekana kwamba taa za usiku huyasogeza matumbawe yakamwaga mayai siku moja hadi tatu mapema, yakakaribia zaidi mwezi mpevu. Kutoka Nyali hadi Shanzu leo kuna taa kubwa zinazoelekezwa majini usiku kucha, kwa ajili ya uzuri wa mandhari. Naziogopa taa hizo, nasema waziwazi. Wenye hoteli walio hapa, nawaomba mzigeuzie ardhini, au mzizime baada ya saa nne usiku. Haigharimu kitu, na itapunguza bili.

Walimu wa bayolojia, ombi langu kwenu ni dogo. Mwezi ujao wapelekeni wanafunzi kwenye mwamba maji yakipwa, wakiwa na viatu vizito, wawahesabu wenye duara la chungwa na wenye michirizi ya buluu, waandike tarehe ya mwezi na mahali taa ya karibu ilipo. Wasimuue hata mmoja. Daftari mbili tatu za shule tofauti, zikiendelea kujazwa mwaka hadi mwaka, zitakuwa na thamani kwa watafiti wa Mombasa. Wavuvi wamekubali kuwaonyesha vijana njia salama ya kufika mwambani na kurudi kabla maji hayajajaa. Atakayetaka kujiandikisha, karatasi iko pale mlangoni.

Ahsanteni sana.